Nimeliwa

Alhamisi, saa moja jioni, ukumbi wa nyuma ya kanisa, Coventry.
Viti tisa vya plastiki, birika linalovuja.
Desmond anasema alipoteza nyumba.
Anasema kwa Kiingereza, ndiyo maana anasema *alipoteza*,
kama mtu apotezavyo ufunguo,
kama kwamba nyumba ya vyumba vitatu imedondokea nyuma ya kochi
na akiupenyeza mkono vizuri
ataipapasa.

Kwetu hatusemi hivyo.
Mshindi amekula.
Mwenzake ameliwa.

Zamu yangu ilipofika nilisema:
Mimi ni Mize, nafua mashuka ya hospitali,
nimeliwa pauni elfu kumi na moja na mia nne.
Wakaitikia kwa vichwa, taratibu,
wakidhani lugha imenishinda.

Yalianza huko kwenye mashuka, usiku.
Mashine kumi na mbili zikizunguka mbele yangu
na ya kumi na tatu kiganjani,
cheri, ndimu, kengele,
cheri, ndimu,
nusura kengele.

Kwanza nilijaribu kiapo.
Mkono juu ya msahafu, machozi, yote.
Ramadhani nzima sikugusa.
Usiku wa Idi mwezi uliandama,
nami nikauandama mchezo
mpaka alfajiri, mpaka pesa ya viatu vya watoto.

Kisha dada yangu Raziki akachukua kadi ya benki.
Kila asubuhi ananipa pauni kumi,
kila jioni anadai risiti.
Nina miaka arobaini na mbili, nahesabiwa nauli.
Nilimwambia mkate umepanda bei.
Ulikuwa haujapanda.

Mwanangu akaitia simu kufuli, hakuniuliza,
wala hakuniangalia usoni.
Nikajiandikisha nikatazwe kila mchezo wa mtandaoni nchini,
miaka mitano.
Hapo ndipo miguu yangu ilipokumbuka
duka la pembeni, jirani na wauza kuku.

Nikalipelekea picha.
Msichana wa nyuma ya kioo alinipa fomu
na gundi.
Maishani nimepiga picha nyingi za pasipoti
nikiomba kuruhusiwa kuingia.
Hii ilikuwa ya kwanza
kuomba nizuiwe mlangoni.

Mshauri wa kwenye simu, sauti ya mtu mwenye mafua,
alisema hamu hupanda, hukaa, hushuka,
nisubiri dakika ishirini.
Mimi saa yangu ni mataulo: dakika arobaini, suuza mbili.
Naketi nayatazama.
Usiku mwingine hamu huisha kabla ya suuza ya kwanza.
Usiku mwingine nayarudisha mataulo masafi
na kuyafua tena.

Oonagh, kiti cha karibu na mlango, hufuma soksi.
Hakuna hata moja yenye mwenzake.
Hatumuulizi.

Baada ya kikao Desmond alinifuata kituoni,
akataka nimrudilie lile neno.
Nikamfafanulia. Akalijaribu mdomoni,
ni-me-li-wa,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
Miaka sita, alisema, nimekuwa nikirudi kuitafuta.

Maana kilichopotea hutafutwa.
Na mimi nilitafuta, Mola anajua,
mia ikiifuata mia, ya leo ikamtafute ndugu yake wa jana,
zote zikaingia koo moja.
Kilicholiwa hukitafuti.
Unaosha sahani.

Basi, akauliza, nani alikula?

Basi la ishirini likaja kabla sijajibu.
Nilipanda ghorofa ya juu, mfukoni pauni tatu na risiti mbili,
zote za kweli.
Tukalipita duka, taa zake za kijani, mvua.
Toka kule juu siioni ile picha
lakini najua ipo, kando ya kalenda,
uso wangu mkavu kama wa askari wa mpakani.

Pita, unasema.
Pita.